Ubainifu kwa Mwenye Kuipamba Nyumba Apate Kuiuza

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyewahalalishia waja wake biashara ili wapate riziki kwa njia ya kuridhiana, na sala na salamu zimshukie Bwana Mtume Muhammad, aliyekuwa mfanyabiashara kabla ya kupewa Utume, na watu wa mji wake wakamwita Mwaminifu.

Amma baad. Jueni, ndugu Waislamu, ya kuwa mlango wa mauzo husomwa katika vyuo vingi vya pwani, na mwanafunzi huhifadhi sharti zake na nguzo zake. Lakini akali ya watu ndio watokao na elimu ile chuoni wakafika nayo sokoni. Wengi huiacha pale pale penye mkeka pamoja na kitabu. Na katika vitu vyote viuzwavyo, hapana kinachowasahaulisha watu elimu hiyo upesi kama nyumba, kwa kuwa fedha yake ni nyingi, nayo huuzwa mara moja tu, wala muuzaji hatarajii kumwona mnunuzi tena.

Katika nchi ya Rufiji na Kibiti jambo hili limekuwa zito zaidi. Hapo zamani mgeni akipita njia ya kusini alingoja kivuko penye mto, akavuka akaenda zake. Tangu Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003 barabara imekuwa moja, na watu wa mbali hushuka Bungu, na Kibiti, na Ikwiriri, wakauliza viwanja na nyumba. Kisha yakaja mafuriko ya Aprili 2024, yakazamisha nyumba na mashamba katika wilaya zote mbili, Rufiji na Kibiti, na watu wakahama makwao wamebeba watoto. Basi si ajabu mtu aliyeyaona maji yale kutaka kuuza nyumba yake ya bondeni ahamie juu. Kutaka huko si dhambi. Linaloulizwa ni lile alifanyalo baina ya siku ya kunuia kuuza na siku ya kupokea fedha.

Na kwanza lisemwe lililo halali, kwani wako watu wenye kuona kila pambo ni udanganyifu, nao hukosea. Mwenye kuuza nyumba ana ruhusa ya kuifagia, na kufyeka majani uani, na kuondoa makuti yaliyooza akaezeka mapya, na kuzibua kisima, na kukata tawi la mwembe lililozuia mwanga, na kupaka chokaa ndani na nje, na kufukiza udi akipenda. Mtume (S.A.W.) amefundisha ya kuwa Mwenyezi Mungu ni Mzuri na hupenda uzuri. Kitu kizuri kikionyeshwa uzuri wake, hapana aliyedhulumiwa. Na ikiwa paa lilikuwa likivuja, likatengenezwa kweli hata lisivuje, basi ila imeondoka, wala hapana haja ya kumhadithia mnunuzi habari za mvua za mwaka uliopita.

(La kusikitisha ni hili, ya kuwa nyumba nyingine haikupata kuona chokaa ila siku ya kuuzwa. Mke na watoto walilala miaka saba wakihamisha kitanda kila wingu likitanda, na baba akisema hana fedha. Akaja mgeni asiyejulikana jina, fedha ikapatikana kwa siku tatu.)

Sasa na uwekwe mfano, si wa mtu fulani, bali wa namna ya watu. Mzee mmoja ana nyumba kandokando ya mkono mmoja wa mto, mwendo wa mashua kutoka Nyamisati. Nguzo zake ni za mkoko, viambaza ni vya udongo, na paa ni la mabati. Nyumba hii ina ila tatu. Maji ya mwaka 2024 yaliingia ndani yakasimama, yakaacha mstari wa tope ukutani, kifuani pa mtu mzima. Na nguzo mbili za upande wa mto zimelegea tangu siku hizo. Ya pili, wakati wa bamvua maji ya bahari hupanda na mkono ule wa mto hata yakafika uani, penye meko. Ya tatu, kisima chake ni kitamu wakati wa masika, na kiangazi kikikaza huwa cha chumvi, hata chai haichemshiki kwayo.

Mzee huyu akaja kwa dalali wa Kibiti. Dalali akamwambia, "Mzee, nyumba hainunuliwi kwa macho ya mwenyewe, hununuliwa kwa macho ya mgeni. Nipe siku kumi." Akaleta mafundi, wakashindilia udongo penye nguzo, wakapiga lipu, wakapaka chokaa mara tatu. Mzee akauliza, "Na ule mstari wa maji, mwanangu?" Akajibiwa, "Mstari ndio kazi ya chokaa, Mzee wangu." Kisha dalali akahesabu mwezi, akachagua siku ya maji mafu, tena baada ya mvua, akamleta kijana mmoja wa Mkuranga, fundi cherehani, mwenye mke na watoto watatu, aliyeweka akiba miaka mingi. Kijana akaona ua mkavu, na kuta nyeupe, akateka maji ya kisimani akanywa, akayaona matamu. Akatoa fedha. Wala hapana aliyesema uongo hata neno moja.

Hapo ndipo pa kusimama, kwani wengi hudhani ya kuwa haramu ni uongo wa ulimi tu. Sharia haikusema hivyo. Imepokewa katika Sahihi ya Muslim, kwa mapokezi ya Abu Huraira, ya kuwa Mtume (S.A.W.) alipita sokoni penye chungu la chakula, akatia mkono wake ndani yake, vidole vikapata umaji. Akamwuliza mwenyewe, naye akasema ya kuwa ni mvua iliyokinyeshea. Mtume akamwuliza kwa nini hakukiweka kile chenye maji juu, watu wakakiona. Kisha akabainisha ya kuwa mwenye kughushi hayumo pamoja naye. Mtazameni mtu yule: hakutia maji yeye, mvua ndiyo iliyotia. Wala hakusema ya kuwa chakula chote ni kikavu. Aliweka kikavu juu na kibichi chini, basi. Na mwenye kupaka chokaa juu ya mstari wa maji ameweka kikavu juu na kibichi chini, tofauti ni ukuta na nafaka.

Na wanazuoni wa madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo yafuatwayo na watu wa pwani, wamelichambua jambo hili kwa uzuri sana. Asili yake ni katazo la Mtume (S.A.W.) la kumfunga mnyama chuchu siku kadha asikamwe, ili kiwele kijae, mnunuzi adhani ya kuwa ana maziwa mengi. Aliyenunua mnyama huyo amepewa hiari ya kumzuia au kumrudisha. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, katika kitabu chake cha Minhaj, kinachosomeshwa katika vyuo vya pwani, ametia katika hukumu hiyo mtu aliyeyazuia maji ya mfereji au ya kinu cha maji, kisha akayafungulia wakati wa kuuza, ili mnunuzi ayaone yanakwenda kwa nguvu. Hakuna neno lililosemwa hapo. Ni tendo tu, na tendo hilo limempa mnunuzi hiari ya kurudisha.

Basi yule aliyeyafungulia maji ili yaonekane mengi, na huyu aliyengoja maji mafu ili yaonekane machache, wana tofauti gani? Yule alitumia lango la mfereji, na huyu ametumia mwezi wa Mwenyezi Mungu. Kadhalika aliyemwonjesha mgeni kisima katika masika, naye ajua ladha yake ya kiangazi. Na hata ikiwa siku ile ilitokea kwa bahati, wala hakuna aliyeichagua, ila ni ila: ilikuwamo ndani ya nyumba kabla ya mauzo, nayo hupunguza thamani, na muuzaji aijua, basi yampasa kuisema.

Atatokea mwenye elimu kidogo aseme: mbona Imamu Nawawi huyo huyo amesema ya kuwa mtu akimpaka mtumwa wino nguoni, ili adhaniwe kuwa ni mwandishi, mnunuzi hana hiari katika kauli iliyo sahihi zaidi? Ni kweli, amesema. Na sababu yake ni kuwa wino katika nguo si dalili ya kutegemewa. Mnunuzi aliweza kumpa kalamu akamjaribu palepale, akaacha kwa uzembe wake. Lakini kijana wa Mkuranga angejaribu nini? Angesugua chokaa ya watu kwa ukucha? Angekaa mezi sita aonje kisima? Alifanya lile aliwezalo mgeni: alitazama, akagonga ukuta, akanywa maji. Udhuru wa wino haufiki hapa.

Na wako wasemao, "Kila mtu ajua ya kuwa Delta hufurika." Ajua nani? Mrufiji ajua. Wazee wake walijua mno, hata wakalima bondeni wakajenga madungu juu ya miguu mirefu ya miti, wakakaa humo maji yakipita chini. Dungu ni nyumba isiyosema uongo: mgeni akiliona tu, urefu wa miguu yake wamweleza urefu wa maji. Hata baada ya serikali kuwahamisha watu wa bondeni hadi vijiji vya juu katika Operesheni Rufiji, kufuata mafuriko ya mwaka 1968, watu waliendelea kushuka kulima na kukumbuka. Lakini mtu wa Mkuranga, au Songea, au Tanga, aliyekuja kwa basi, hakurithi kumbukumbu hiyo. Ikiwa kweli mnunuzi ajua, basi kumwambia hakutampunguzia muuzaji kitu, naye atapata thawabu ya bure. Na ikiwa hajui, basi huo ndio wajibu wenyewe.

Wengine hukimbilia neno jingine. Huandika katika karatasi ya mauzo ya kuwa nyumba imeuzwa kama ilivyo, na muuzaji hana dhamana ya ila yoyote. Hudhani ya kuwa sentensi hiyo ni ngao. Katika madhehebu ya Shafii, kauli yenye nguvu ni kuwa sharti hilo humwokoa muuzaji katika ila ya ndani ya mnyama asiyoijua, kwa kuwa mnyama hula na kuugua pasipo mtu kujua. Na yasiyokuwa hayo, halimwokoi. Nyumba si mnyama. Na nguzo iliyofunikwa udongo na mwenyewe si ila asiyoijua.

Na je, yule kijana akigundua? Sharia imempa haki ya kurudisha nyumba na kurudishiwa fedha yake, lakini na aharakishe, kwani aliyejua ila akanyamaza akakaa pasipo udhuru, haki yake hupotea. Na ikiwa nyumba imepatwa na ila nyingine mikononi mwake, hata hawezi kuirudisha kama alivyoipokea, basi hupewa arshi, nayo ni sehemu ya bei, ambayo hesabu yake wengi huikosea. Mfano, nyumba ikiwa nzima thamani yake ni shilingi 20,000,000, na pamoja na ila yake ni 15,000,000, basi imepungua robo. Ikiwa kijana alitoa 16,000,000, atarudishiwa robo ya hizo alizotoa, yaani 4,000,000, wala si zile 5,000,000 za tofauti ya thamani. Haya ni ya kadhi na mahakama. Ama watoto wakilala chini ya kiambaza kile usiku wa mafuriko, nguzo ikateleza, hakuna arshi ya hapo.

Basi dhambi hii ni ya Mzee peke yake? Hapana. Jirani wa kulia na jirani wa kushoto walikuwa barazani siku ile. Walimwona mgeni akinywa maji, wakatazamana. Kila mmoja alisema moyoni, "Si mimi niuzaye." Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, amesimulia katika Ihya habari ya Wathila bin Al-Asqaa, Sahaba wa Mtume (S.A.W.), ya kuwa alikuwa amesimama mahali, mtu akamwuza ngamia wake jike kwa dirhamu 300, na Wathila alikuwa ameghafilika. Mnunuzi alipokwisha kwenda naye, Wathila akamkimbilia akimwita, akamwuliza kama amemnunua kwa nyama au kwa kupanda. Akasema kwa kupanda. Basi akamjulisha ya kuwa ukwato wake una tundu, hataweza kufululiza safari. Mtu yule akarudi, na muuzaji akampunguzia dirhamu 100, kisha akamlaumu Wathila kwa kumwharibia biashara yake. Wathila akamjibu ya kuwa waliahidiana na Mtume kumpa nasaha kila Mwislamu, na ya kuwa alimsikia akikataza mtu kuuza kitu pasipo kubainisha ila yake, tena akikataza aijuaye ila hiyo kunyamaza. Wathila hakuwa muuzaji wala mnunuzi. Alikuwa mpita njia mwenye macho.

Ama dalali, huyu ana mizigo yake mwenyewe. Yeye ndiye aliyefundisha, naye hupokea fungu kwa kila shilingi iliyozidi. Wako madalali waaminifu, na Kibiti wapo. Lakini yuko na yule mwenye kuleta rafiki zake wawili wasiotaka nyumba, wakajifanya wanunuzi, huyu akitaja bei na yule akiizidisha, hata mgeni akaingiwa na hofu ya kukosa. Jambo hilo ndilo liitwalo najshi, na Mtume (S.A.W.) amelikataza kwa jina lake. Na yule mwenye kuapa kwa Mwenyezi Mungu ya kuwa jana alikataa bei kubwa kuliko hii, na ajue ya kuwa imepokewa ya kuwa kiapo huipitisha bidhaa na huifuta baraka yake.

Yako mambo mengine mawili ambayo chokaa huyafunika, nayo yatajwe kwa ufupi. Moja ni nyumba ya marehemu, ipakwayo rangi haraka na ndugu mmoja na kuuzwa kabla dada zake hawajaja kutoka mjini. Fungu la mwanamke limefaridhishwa katika Sura ya Nisaa, wala halifutiki kwa kuchelewa basi. Na nyumba aishimo mke, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imezuia mume kuiuza pasipo ridhaa yake. La pili ni ardhi yenyewe. Katika ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yataka halmashauri ya kijiji ijue na ikubali. Na misitu ya mikoko ni hifadhi ya serikali. Aliyefyeka mikoko akajenga humo, akaipamba nyumba ikapendeza, kisha akaiuza kama milki yake, ameuza asichokuwa nacho, na Mtume (S.A.W.) alimkataza Hakim bin Hizam jambo hilo waziwazi.

Linabaki neno la Mzee, nalo si la kudharauliwa, kwa kuwa yeye ni maskini na nyumba ndiyo mali yake yote. Asema, "Nikiyataja haya, nani atanunua?" Ajibiwe kwa upole. Huenda fundi cherehani mwenye watoto hatanunua. Na hilo ndilo lililotakiwa. Lakini katika Delta wako wavuvi wa kamba watafutao mahali pa kuwekea nyavu na mashine za mashua, wasiolala hapo ila msimu mmoja. Kwao ua unaofikiwa na maji ya bamvua ni neema, kwani mashua hufika mlangoni. Wako na wataka nguzo na mabati wakajenge kwingine. Hao bei yao itakuwa ndogo, lakini ni bei ya nyumba hii, na ile nyingine ilikuwa ni bei ya nyumba isiyokuwapo.

Na Imamu Ghazali ametaja mtu aliyekuwa na ng'ombe, akichanganya maziwa na maji na kuyauza. Siku moja mkondo ukaja ukamzamisha ng'ombe yule. Mmoja wa watoto wake akamwambia baba yake ya kuwa yale maji waliyoyatia kidogo kidogo katika maziwa yamekusanyika yakaja mara moja kumchukua ng'ombe. Kisa hiki kisisomwe kinyume, mtu akasema ya kuwa kila aliyefikwa na mafuriko ya Rufiji alikuwa mwenye kughushi. Haifai kumdhania Mwislamu hivyo. Maji yale yaliingia msikitini pia. Kisa kinamhusu yule ajuaye mwenyewe alichokitia katika maziwa.

Na ikiisha kuuzwa, fedha ile isiachwe ikayeyuka. Imepokewa katika Sunan ya Ibn Majah, na wanazuoni wameisemea isnadi yake, ya kuwa aliyeuza nyumba asiitie thamani yake katika mfano wake, aelekea kukosa baraka ndani yake. Hata akiiweka kando isnadi, mwenye akili aijua maana: nyumba huliwa katika arusi moja na pikipiki moja, na mwaka ukigeuka Mzee ni mpangaji katika chumba cha mkwewe. Anunue kiwanja kidogo mahali pa juu kabla hajanunua kitu kingine, hata kama kwa miti na udongo.

Ama namna ya kuandika, ni nyepesi. Mzee na amwite mnunuzi siku ya bamvua, ampeleke uani maji yakiwa yamefika, amwonyeshe. Chokaa apake akipenda, ila upande mmoja wa ukuta auache na mstari wake. Kisha mbele ya mashahidi wawili na mwenyekiti wa kijiji, baada ya kutaja mipaka na bei, karatasi iongezwe maneno haya: ya kuwa maji ya Aprili 2024 yalifika kifuani pa mtu mzima ndani ya nyumba, ya kuwa nguzo mbili za upande wa mto zimelegea, ya kuwa bamvua hufika penye meko, ya kuwa kisima ni cha chumvi tangu kiangazi kikaze hata mvua zirudi, na ya kuwa mnunuzi ameyaona haya na kuyasikia, akaridhia. Kisha watie saini wote wawili, na asiyejua kuandika aweke dole gumba.

Wallahu aalam.